Magarini: Jasho, Ujira na Tuhuma ya Uvivu

Ukitoka Malindi na kuvuka mto Sabaki, barabara ya kwenda Garsen inapita Mambrui, kisha Gongoni, kisha Marereni. Upande wa bara utaona mihogo, mahindi na mikorosho iliyozeeka. Upande wa bahari utaona mabwawa mapana ya maji ya chumvi, na kando yake malundo meupe yanayong'aa juani hadi macho yanauma. Hii ndiyo Magarini, katika kaunti ya Kilifi. Kwa zaidi ya miaka 150 watu wenye mitaji wamekuja hapa wakitafuta watu wa kuwafanyia kazi, na karibu kila kizazi chao kimeondoka na lalamiko lilelile: wenyeji wavivu.

Nimeisoma tuhuma hiyo katika historia za pwani yetu, na naisikia bado kwenye hoteli na mashamba ya leo. Ninaandika kwa sababu naamini ni ya uongo. Tena imewagharimu watu wengi mno.

Tuanze na Malindi yenyewe. Mji uliompokea Vasco da Gama mwaka 1498 ulififia baada ya Wareno kuhamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, na baadaye ukabaki magofu na vichaka. Mnamo 1861, wakati wa Sultan Majid wa Zanzibar, walitumwa wanajeshi na walowezi kuufufua. Ardhi ilikuwa tele na yenye rutuba, mvua ilinyesha, na soko la nafaka lilikuwa wazi. Ndani ya miaka michache Malindi na Mambrui zikawa zinapakia majahazi ya mtama kwenda Arabuni, na ufuta uliokwenda kukamuliwa mafuta Ulaya. Wageni waliopita waliisifu Malindi kuwa ghala la pwani.

Ghala hilo lilijazwa na watumwa. Wengi waliletwa kupitia Kilwa na Zanzibar kutoka pande za Ziwa Nyasa. Waliogopa kupelekwa Malindi kuliko Mombasa au Lamu, na sababu yake ilikuwa namna kazi ilivyopangwa. Mnazi ukishashika unamwachia mtu nafasi. Mtama na ufuta havimwachii: kufyeka, kulima, kupalilia mara mbili tatu, kulinda ndege, kuvuna, kupura, kupeta, kisha msimu mwingine unagonga mlango. Watu walipangwa kwa safu, kila mmoja akapimiwa ngwe yake, na nyuma yao akatembea nokoa. Aliyemaliza aliongezewa, na aliyechelewa alipigwa. Chakula alijilimia mwenyewe kwenye konde aliyokatiwa, siku ya Ijumaa au jioni baada ya kazi ya bwana.

Hapo ndipo lalamiko la uvivu lilipozaliwa. Mabwana waliamini kwamba mtumwa hafanyi kazi asiposimamiwa. Lakini angalia hesabu inavyokaa kwa yule aliyeshika jembe. Akilima ngwe yake haraka, faida ni ya bwana na malipo yake ni ngwe nyingine. Akilima polepole, anabakiza nguvu za konde yake, ambayo mavuno yake yatamlisha yeye na watoto. Mtu mwenye akili timamu angefanyaje? Na mabwana hao walikuwa Waislamu, waliokulia katika mafundisho yanayotaka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Walijipatia njia ya kulipita fundisho hilo kwa kusema kwamba mtumwa si mwajiriwa, basi hadai ujira.

Watumwa nao walijibu kwa miguu. Walitorokea Witu kwa Sultani aliyewapokea, wakatorokea misheni ya Rabai, wakaanzisha vijiji vyao porini nyuma ya Malindi na Takaungu. Kijiji cha Fuladoyo, kilichoanzishwa na Wagiriama Wakristo, kilikuwa kimbilio lao katika miaka ya 1880. Kilishambuliwa kutoka pwani mwaka 1883, na kiongozi wake David Koi akauawa. Mbona watu waliodaiwa kuwa wavivu walifyeka msitu, wakalima, wakajilisha na kujilinda, bila nokoa hata mmoja? Swali hili liliwakaa mabwana mbele ya macho na hawakulijibu.

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ya IBEA iliona kwamba haitaweza kufanya biashara pwani huku wenye mashamba wakidai watoro wao warudishwe. Mwakilishi wake, George Mackenzie, akawalipa mabwana ili watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa misheni wapewe hati za uhuru, zikatolewa Rabai Januari 1889. Miaka michache baadaye Mwingereza W. W. A. Fitzgerald alitumwa na kampuni hiyohiyo kuchunguza kilimo cha pwani, na mwaka 1891 akakabidhiwa shamba la Magarini. Alikuta mashamba ya Malindi na Mambrui bado yanalimwa kwa mikono ya watumwa. Jina la Magarini likaingia kwenye vitabu vya Kiingereza kama mahali penye ardhi nzuri na tatizo la wafanyakazi.

Utumwa uliondolewa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya tarehe 1 Oktoba 1907, miaka kumi baada ya Unguja na Pemba. Serikali ilitenga fidia. Aliyelipwa ni bwana, kwa hasara ya kumpoteza mtumwa. Mtumwa aliyelima miaka ishirini hakulipwa hata rupia moja ya miaka hiyo. Katika historia nzima ya kazi kwenye pwani hii sijui jambo linaloonyesha waziwazi kuliko hilo ni jasho la nani lilihesabiwa kuwa na thamani. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Wenye uwezo wa kufika mbele ya msajili na mashahidi na karatasi walithibitishiwa mashamba yao. Waliobaki, yaani watumwa wa jana na Wagiriama waliokuwa wakilima karibu na pwani, wakageuka wakaazi wa ardhi ya mtu mwingine.

Hata hivyo waliokuwa watumwa walijua wanataka nini. Walikataa kurudi kwenye safu. Wengi walikubali kulipa ijara na kulima kwa mpango wao: mihogo, mtama, mahindi, kidogo cha kula na kidogo cha kuuza. Wengine walikwenda Mombasa, ambako hamali wa bandarini alilipwa kwa siku na akishaona siku haimfai hupumzika. Wenye mashamba wakaandika barua za kulalamika kwamba uhuru umewaharibu watu. Ukweli ni kwamba bei ya kazi ilikuwa imepanda na wao hawakutaka kuilipa.

Ndipo wakaja Wazungu wa mpira.

Kati ya 1906 na 1912 bei ya mpira duniani ilipanda sana, na makampuni yakaundwa London kuja kupanda mpira na pamba Afrika Mashariki. Moja lilikuwa Magarini Syndicate, lililochukua ardhi kaskazini ya Sabaki. Mipango ilichorwa, miche ikapandwa, mameneja wakaletwa. Kazi ya kufyeka na kupalilia ilihitaji mamia ya watu, na jirani zao walikuwa Wagiriama, kabila kubwa kuliko yote ya Wamijikenda. Mameneja walidhani wingi wa watu utatosha kuwaletea wafanyakazi. Wagiriama hawakuja.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini. Tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Wagiriama walikuwa wamesogea kaskazini mpaka wakavuka Sabaki, wakaifungua ardhi ileile iliyoachwa na mashamba ya watumwa. Walilima mahindi na mtama kwa wingi, wakauza kwa Waswahili, Waarabu na Wahindi wa Malindi na Takaungu. Ghala la pwani lilikuwa limehamia mikononi mwao. Sasa chukua mwenye mji mmoja wa Kigiriama mwaka 1912. Ana wake, watoto wa kiume na wakwe. Masika inaanza Aprili, na ndiyo wiki ambazo kila mkono unatakiwa shambani, kwa sababu mbegu ikichelewa mvua haimsubiri mtu. Wiki hizohizo ndizo ambazo meneja wa shamba la mpira naye anataka watu. Kijana akienda huko atalala kwenye kambi, atakula posho, atasimamiwa na nyapara asiyemjua, na akikatisha mkataba atashtakiwa, kwa sababu sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906, iliyokazwa mwaka 1910, iligeuza kuacha kazi kuwa kosa la jinai. Mwisho wa mwezi atapewa rupia chache. Akibaki nyumbani, familia inapata magunia ya mahindi, inauza ziada, inalipa mahari, na hakuna anayempigia kelele. Kijana aliyekataa alikuwa amepiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Serikali ingeweza kuwaambia mameneja waongeze mshahara, au wasubiri mavuno yaishe. Baadhi ya mameneja walileta watu kutoka bara kwa gharama kubwa ya usafiri, na bado hawakutosha. Lakini dawa iliyopendwa zaidi ilikuwa kodi. Kodi ya nyumba, iliyokuwa imefika rupia 3, ilikula sehemu nzuri ya mshahara wa mwezi, na ilitakiwa kwa fedha taslimu. Tume ya serikali kuhusu kazi ya Waafrika, iliyoongozwa na Jaji Barth mwaka 1912 na 1913, ilisikiliza walowezi wengi wakieleza kwamba Mwafrika ana ardhi nyingi mno na kodi ndogo mno, ndiyo maana hafanyi kazi. Ukiyasikiliza maneno hayo vizuri utagundua yanakiri jambo moja kubwa: mtu mwenye shamba lake hawezi kupatikana kwa bei waliyotaka kumnunulia. Basi likabaki jambo moja, kumpunguzia shamba.

Oktoba 1912 Arthur Champion, ofisa kijana, alipelekwa Giriama kukusanya kodi, kuteua wazee wa serikali na kutoa watu wa kazi. Juu yake alikuwa Charles Hobley, mkuu wa jimbo la pwani, aliyeamini kwamba kazi ya kuajiriwa ndiyo itakayomstaarabisha Mgiriama. Wazee walioteuliwa na Champion hawakusikilizwa na mtu. Katikati ya mwaka 1913 akasimama Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane wa makamo, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Alizunguka vijijini akicheza ngoma, akawakusanya watu Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na hapo wakalishwa viapo viwili, cha wanawake na cha wanaume, kwamba hakuna atakayetoa kodi wala mtoto wake kwa Wazungu.

Simulizi ya Kigiriama inasema Mekatilili aliwahi kuona kaka yake akichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa alipokuwa msichana. Ukiikumbuka simulizi hiyo utaelewa kwa nini kutakiwa vijana wa kwenda kufanya kazi mbali, chini ya nyapara, hakukusikika kama ajira masikioni mwa watu hawa. Babu zao na majirani zao walikuwa wameona safu na ngwe. Maofisa waliandika kwamba ni ushirikina wa kikongwe. Mimi nasema alikuwa kiongozi wa kwanza wa wafanyakazi ambaye pwani hii imempata, ingawa hakuwa na chama wala kadi.

Walikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii, magharibi kabisa ya nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi nyumbani kwa miguu, mamia ya kilomita. Serikali ikaifunga Kaya Fungo, na tarehe 4 Agosti 1914 ikailipua kwa baruti. Siku hiyohiyo Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, na hitaji la vibarua likawa hitaji la wapagazi wa jeshi. Mapigano yakazuka. Wagiriama walikuwa na mishale, askari wa KAR, jeshi la kikoloni, walikuwa na bunduki. Wagiriama takriban 150 waliuawa, nyumba kwa maelfu zikachomwa, mbuzi wakaswagwa.

Masharti ya amani ndiyo yanayosema yote. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Walitakiwa kutoa wanaume 1,000 wa kwenda kubeba mizigo ya vita. Na walitakiwa kuhama kutoka kaskazini ya Sabaki, kwenye ile ardhi iliyowapa nguvu ya kukataa. Kazi imetajwa hapo pamoja na faini, kama adhabu. Ndiyo hivyo serikali yenyewe ilivyoiona kazi iliyokuwa ikiwaita watu waipende.

Waliopelekwa upagazi waliingia katika jeshi la wabeba mizigo lililoongozwa na Oscar Watkins, ambalo Kariakoo za Nairobi na Dar es Salaam zimebeba jina lake mpaka leo. Watu walikufa kwa maelfu kwa kuhara, malaria na njaa, wengi zaidi kuliko waliopigwa risasi. Watkins mwenyewe aliona jinsi mshahara ulivyokuwa mdogo na chakula kibaya, akaandika na kulalamika. Baada ya vita kulibaki fedha nyingi za mishahara ya waliokufa, ambayo hakuna aliyekuja kuidai, kwa sababu familia hazikujua wapi pa kudai. Fedha hizo hazikuwafikia. Mwajiri wao alikuwa serikali ya Mfalme.

Na shamba la mpira? Bei ya mpira ilianguka kufikia 1913, mpira wa Malaya ulipojaa sokoni. Mashamba ya mpira ya Malindi hayakuinuka tena. Walioondolewa Sabaki walisongamana kusini kwenye ardhi kavu, mavuno yakapungua, njaa ikawafika, na Malindi ikakosa nafaka iliyokuwa ikinunua. Tume iliyokaa Malindi mwaka 1916 ilipima yaliyotokea, na mwaka 1917 Wagiriama wakaruhusiwa kurudi ng'ambo ya mto. Kwa hiyo serikali ilivunja kilimo kilichokuwa kinafanikiwa ili kupata vibarua wa kilimo kilichokuwa kinakufa, ikakosa vyote viwili. Huo ndio uamuzi wangu juu ya mambo ya 1914, na sioni namna ya kuulainisha.

Yaliyofuata nayapita haraka, kwa kuwa yanafanana na ya sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka uliowataka maofisa wawahimize Waafrika wakafanye kazi kwa walowezi, na kila chifu alijua maana ya kuhimizwa. Ukafuata uandikishaji wa kipande, cheti cha mfanyakazi kilichovaliwa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Mwaka 1921 walowezi wakajaribu kupunguza mishahara kwa theluthi nzima, jambo lililomsukuma Harry Thuku kusimama Nairobi. Huku kwetu watu walilima pamba kwa ijara, wakapanda mikorosho na minazi, na wengine wakaingia kwenye mashamba ya mkonge ya Kilifi na Vipingo, ambako kazi ya kukata majani ilihesabiwa kwa mafungu na siyo kwa saa.

Jambo moja la miaka iliyofuata lazima nilikazie. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilisema wazi kwamba mishahara ya Kenya ilikuwa imepangwa kwa kipimo cha mwanamume asiye na familia, na ikapendekeza ipangwe kwa kipimo cha mtu mwenye mke na watoto. Maana yake ni nini? Kwa miaka hamsini mke aliyebaki Ganze au Bamba akilima mihogo alikuwa akimlipia mwajiri nusu ya mshahara wa mumewe. Chakula cha watoto kilitoka kwenye jembe lake, kwa hiyo kampuni haikuwajibika nacho. Wanawake wa Kilifi wameziruzuku biashara za watu kwa miaka mingi, na jina lao halimo kwenye daftari lolote la mishahara.

Turudi Magarini. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilitoa maelfu ya ekari za ardhi ya pwani kutoka Gongoni hadi Kurawa kwa makampuni ya chumvi. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya leo inatoka hapo. Jiografia ndiyo iliyochagua: udongo wa mfinyanzi usiovujisha, jua kali, upepo, na vijito vya bahari vinavyopanda na maji kujaa. Maji huingizwa kwenye bwawa kubwa, yakaachwa yapungue kwa jua, kisha yakahamishiwa bwawa lingine, na lingine, kila mara yakizidi ukali, hadi kwenye mabwawa ya mwisho ambako chumvi inaganda chini kama sakafu.

Sakafu hiyo lazima ivunjwe na kuchotwa. Kwa miaka mingi imefanywa kwa mikono. Mtu anasimama ndani ya maji makali yanayomfika kifundoni, anaikwangua, anaikusanya, anaijaza kwenye karai au toroli, anakwenda kuimwaga kwenye lundo. Asipokuwa na buti za mpira, chumvi inaingia kwenye kila mpasuko wa nyayo. Asipokuwa na glavu, viganja vinachanika na havipati nafasi ya kupona kabla ya zamu inayofuata. Mwanga unaorudi kutoka kwenye weupe ule unachoma macho tangu saa nne asubuhi. Na malipo mara nyingi yamekwenda kwa kiasi kilichobebwa: ukiugua hubebi, na usipobeba hulipwi. Ukimwangalia kwa karibu mtu anayefanya kazi hii kisha ukasema watu wa pwani ni wavivu, sina la kukuambia.

Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, wakati huo ikiongozwa na Maina Kiai, ilifanya uchunguzi wa hadhara Magarini kufuatia malalamiko ya wakazi, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Watu walisimama mbele ya tume na kueleza kuhusu kuondolewa kwenye ardhi waliyozaliwa, maji ya visima kuharibika, ujira mdogo, kazi ya kibarua isiyokwisha wala kuthibitishwa, na kukosa vifaa vya kujikinga. Ni vigumu kusoma malalamiko hayo bila kuona mpangilio wa zamani ukirudi. Aliyeondolewa shambani ndiye aliyesimama mlangoni pa kampuni asubuhi akiomba kazi. Mwaka 1914 serikali iliwatoa watu Sabaki kwa bunduki. Safari hii hati ya ardhi ilitosha.

Wenye makampuni wana hoja yao, na nitaitaja kwa haki. Mvua kubwa ikinyesha wakati mbaya inayeyusha mavuno ya miezi. Chumvi ni bidhaa ya bei ya chini, na chumvi ya kutoka nje inawabana sokoni. Kazi ni ya msimu, kwa hiyo wanasema hawawezi kumwandika kila mtu mwaka mzima. Haya yote yana ukweli. Lakini hayaelezi kwa nini hasara ya mvua ibebwe na mkwanguaji peke yake, ambaye mvua ikinyesha anarudi nyumbani mikono mitupu, wala hayaelezi buti. Mwajiri anayemtaka mtu asimame ndani ya maji ya chumvi siku nzima na asimnunulie buti hajashindwa na soko. Amekataa tu.

Mahoteli ya Malindi na Watamu yamefundisha somo lilelile kwa njia nyingine. Msimu ukiwa mzuri, mhudumu anasifiwa kwa tabasamu na uchangamfu. Watalii wakikatika, kama baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997, baada ya uchaguzi wa 2007, na tena Machi 2020 Kenya ilipofunga anga kwa sababu ya korona, yeye ndiye wa kwanza kupelekwa likizo isiyo na malipo. Novemba 28, 2002 bomu liliripuka kwenye hoteli ya Paradise, Kikambala, ndani ya Kilifi yetu hii. Miongoni mwa Wakenya kumi waliokufa walikuwemo wachezaji ngoma wa Kigiriama waliokuwa wakiwapokea wageni mlangoni. Watu wa namna hiyo, wanaocheza kwa malipo ya siku, ndio wa kwanza kuonekana mgeni anaposhuka kwenye basi, na ndio wa mwisho kufikiriwa inapofika habari ya bima na fidia.

Sheria za Kenya zimebadilika, na wanaosema hakuna sheria wanakosea. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa pamoja: ya ajira, ya mahusiano kazini, ya taasisi za kazi, ya usalama na afya kazini, na ya fidia kwa aliyeumia kazini. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja anahesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi. Ndiyo maana utasikia sehemu nyingi vibarua wanasimamishwa siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha wanaitwa tena: kifungu hicho kinajulikana vizuri sana ofisini. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama na kugoma. Mekatilili angekielewa kifungu hicho bila kusomewa mara mbili.

Kuna jambo lililobaki ambalo wabunge wetu wa Kilifi wangepaswa kulipigania. Viwango vya chini vya mishahara Kenya hupangwa kwa madaraja ya miji. Mombasa imo katika daraja la juu pamoja na Nairobi na Kisumu. Malindi haimo, na Gongoni imo chini kabisa. Mpishi wa Malindi na mpishi wa Nyali, Mombasa, hukaanga samaki yuleyule, wananunua unga na mafuta kwa bei zinazokaribiana, na sheria inaruhusu mmoja alipwe pungufu. Miaka mingine Rais hutangaza nyongeza siku ya Mei Mosi, asilimia 12 mwaka 2022, asilimia 6 mwaka 2024, asilimia 12 tena mwaka 2025, na pengo la madaraja linabaki palepale. Nyongeza hiyo nayo ina maana tu kwa mtu ambaye mwajiri wake anafuata kiwango, na maofisa wa kazi wa kwenda kukagua mabwawa na majiko ni wachache.

Kaburi la Mekatilili liko Bungale, humohumo Magarini, na kila mwaka watu hukusanyika kumkumbuka kwa ngoma na hotuba. Wanasiasa huhudhuria. Ombi langu kwao ni dogo: mwaka ujao, kabla ya kupanda jukwaani, wapite Gongoni na Marereni pamoja na ofisa wa kazi wa kaunti, wakague daftari la mishahara na stoo ya buti, kisha wawaambie watu walichokiona.

Na wewe msomaji, ikiwa umefanya kazi ya kibarua hapa pwani na hukulipwa haki yako, andika tarehe ulizofanya kazi, tunza kila karatasi na kila ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu yako, na nenda ofisi ya kazi mapema. Mahakama ya ajira inasikiliza kesi Malindi. Sheria imekupa miaka mitatu ya kufungua dai, na ikishapita mlango unafungwa.